Usajili wa timu ya chuo cha kanisa unaharibikia kwenye ahadi

Saa 10 jioni, uwanja wa kikapu wa sementi, joto la Dar bado halijapungua. Kijana wa kidato cha tano anapaa, anadanki, ringi inalia, na vijana waliojipanga ukutani wanashangilia. Kocha wa timu ya chuo kikuu cha kanisa, aliyekuja kusaka wachezaji, anatoa simu na kuandika jina, urefu na namba ya kijana. Kisha anatamka maneno ambayo mwaka mmoja baadaye yatamtokea puani: "Usiwe na wasiwasi mdogo wangu, ukija kwetu tutakusaidia."

Timu za vyuo vya kanisa hazifi kwa kukosa vipaji. Zinakufa kwa neno hilo. Kijana analisikia kama ada. Mama yake analisikia kama ada, hosteli na chakula. Kocha alimaanisha viatu na nauli ya mashindano. Mkuu wa fedha wa chuo hajawahi kulisikia kabisa. Na kwa chuo chenye msalaba kwenye nembo uzito wake ni mara mbili, maana mzazi wa Mbagala au Gongo la Mboto hamkabidhi mwanawe kwa kocha tu. Anamkabidhi kwa kanisa. Akidanganywa, hasemi kocha ni mwongo. Anasema hao watu wa dini ndivyo walivyo.

Kwa hiyo turudi kwenye benchi pale pale uwanjani. Kitu cha kwanza kuandikwa si urefu, ni namba ya mtihani wa kidato cha nne. Ndiyo itakayotumika kuombea udahili, na kwa namba hiyo matokeo yanatazamwa kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani kabla kijana hajamaliza kufungua kamba za viatu. Kwa mhitimu wa kidato cha sita, Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) inataka "prinsipo" mbili, yaani masomo mawili aliyofaulu kwa A hadi E, zenye jumla ya pointi 4, kwa hesabu ya A kuwa 5, B 4, C 3, D 2 na E 1. D mbili zinatosha. C na E zinatosha. E mbili hazitoshi, hata mwenye nazo awe na mita 2. Kozi nyingine zinadai zaidi ya hapo, kwa hiyo kocha asiyejua vigezo vya kozi za chuo chake mwenyewe hajawa tayari kwenda uwanjani. Aliyekwama hapo ana njia ya stashahada, akitoka na GPA (wastani wa alama za chuo) isiyopungua 3.0 anaingia shahada, lakini hiyo ni miaka ya kuongeza na ada ya kuongeza. Aambiwe mapema, asije akaiona njiani.

Hesabu ya orodha ni fupi. Timu ya kikapu ni watu 12. Shahada nyingi ni miaka mitatu, kwa hiyo kila mwaka wanahitimu wanne, na juu yao kuna mmoja au wawili watakaodisko (kuondolewa chuo kwa kufeli), watakaohama au watakaoumia. Unahitaji wapya watano hadi sita. Kuwapata sita, anza na majina kama 20, kwa sababu matokeo, fedha na vyuo vingine vitayapunguza. Kocha mwenye majina saba mwezi Juni atacheza na wachezaji wawili wapya mwezi Novemba, kisha atalalamika kwamba chuo hakipendi michezo.

Tena kuna suala la kalenda, ambalo wengi hulipuuza. UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, huchezwa katikati ya mwaka, wakati wahitimu wa kidato cha sita wamemaliza mtihani wao mwezi Mei na wengi wako kambini Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria. Maana yake unaowaona pale ni wa kidato cha tano kushuka chini. Wa kidato cha tano ataingia chuo Oktoba au Novemba ya mwaka unaofuata, miezi 16 au 17 mbele. Unasajili kwa ajili ya kesho kutwa, wakati wachezaji wako wa mwaka huu wanapiga kwata. Na huko kambini simu si kitu cha kushika utakavyo, ilhali dirisha la udahili linafunguliwa siku hizo hizo. Mwombaji aliyechaguliwa na chuo zaidi ya kimoja hutumiwa namba maalumu ya kuthibitishia kwa ujumbe wa simu. Simu iko kabatini nyumbani, imezimwa, na muda unayoyoma. Dawa yake ni ndogo na wengi hawaifanyi: kabla kijana hajaripoti kambini, aache laini yake na nywila ya maombi kwa mzazi au dada anayejua kusoma ujumbe, na kocha awe na namba ya huyo dada. Mchezaji mzuri anaweza kupotea kwa urahisi zaidi kwa sababu ya laini ya simu kuliko kwa sababu ya mpinzani.

Sasa tuje kwenye imani, ambapo makocha wa vyuo hivi hujichanganya zaidi.

Desturi iliyozoeleka ni kudai barua ya mchungaji. Barua hiyo inathibitisha jambo moja: kwamba mchungaji anamfahamu mama. Haisemi kama kijana ataamka kwenda ibada ya katikati ya wiki, kama hanywi, kama atarudi hosteli kabla geti halijafungwa. Kocha anayeitegemea anasajili dhehebu, hasajili mtu. Isitoshe, vyuo vikuu vya makanisa nchini hupokea wanafunzi wa dini zote, na kocha hawezi kuwa mkali kuliko msajili wa chuo chake. Viwanja vya Dar vimejaa akina Juma na Zainabu. Anayewaruka kwa jina tu amejikatia orodha yake bila sababu, halafu anawakuta mwaka unaofuata wakiwa na jezi ya wapinzani.

Kipimo chenye maana ni kanuni za chuo zenyewe. Mpe kijana nakala ya sheria ndogo za wanafunzi, akae nayo siku tatu, arudi aseme kipi hakiwezi. Muulize maswali ya tabia, si ya katekisimu. Jumapili asubuhi huwa unafanya nini? Bonanza likiisha na wenzako wakaelekea baa, wewe unaelekea wapi? Atakayejibu "mimi ni mlokole" hajajibu. Atakayejibu "naenda nao, nakunywa soda, saa 2 nakuwa nyumbani" amekupa kitu cha kufanyia kazi. Marekani nako vyuo vya Kikristo havifanani: vingine hutaka mwanafunzi asaini tamko la imani au kanuni za maisha kabla ya kusajiliwa, vingine humpokea yeyote. Brigham Young, chuo cha Wamormoni, hakichezi Jumapili, na waandaaji wa mashindano wanalijua hilo kabla ratiba haijapangwa. Kinachofaa kuigwa hapo ni kwamba sharti linajulikana mwanzoni, hakuna anayeshtukizwa.

Kwetu suala la siku ni gumu zaidi kwa sababu timu moja inaweza kuwa na Mlutheri, Mkatoliki, Msabato na Mwislamu kwenye wachezaji watano wa kuanza. Msabato hachezi tangu jua linapozama Ijumaa hadi linapozama Jumamosi. Ukigundua hilo Desemba, asubuhi ya nusu fainali, tatizo ni lako, si lake. Dar tuna bahati ya kijiografia: jua letu huzama kati ya saa 12:10 na saa 12:50 jioni mwaka mzima. Mechi ya Jumamosi ikiwekwa saa 1 usiku kwenye uwanja wenye taa, Msabato anacheza, na Mlutheri hajagusiwa Jumapili yake. Ombi hilo liende kwa waandaaji ratiba ikiwa bado rasimu. Ramadhani nayo ina hesabu yake. Mazoezi makali ya saa 10 jioni kwa aliyefunga tangu alfajiri hayana faida yoyote. Yahamishie saa 2 usiku baada ya futari, au mpe kazi ya mitupo na mbinu peke yake kwa wiki hizo nne. Hilo linahitaji kibali cha geti la hosteli, na kibali kinahitaji barua kwa mlezi wa wanafunzi wiki mbili kabla. Chuo cha Kikristo kinachomwandikia barua mchezaji Mwislamu ili afuturu kwa utulivu kimemhubiria zaidi kuliko mahubiri ya nusu saa.

Turudi kwenye fedha, maana "tutakusaidia" inaishia huko.

Msaada unaotolewa zaidi ni nusu ada. Unapendeza kwenye maneno. Tuchukue mfano wa ada ya shilingi milioni 1.5 kwa mwaka. Nusu yake ni 750,000. Mihula miwili pamoja na mitihani ni kama wiki 34, yaani siku 238. Mchezaji akila kwa mama lishe kwa 6,000 kwa siku, chai asubuhi, wali maharage mchana, ugali usiku, anamaliza 1,428,000, karibu sawa na ada yenyewe. Ongeza hosteli, tuseme 400,000. Jumla ni 3,328,000 kabla ya nauli na daftari. Ule msaada mkubwa uliotangazwa kanisani ni chini ya robo ya anachohitaji. Kijana aliyesikia "tutakusaidia" anafika mazoezini saa 10 jioni akiwa na chai ya saa 4 asubuhi tumboni. Robo ya tatu miguu inakataa. Kocha anasema hana pumzi.

Fedha hizo hizo zinaweza kupangwa vingine. Chakula cha mchana cha 2,500, siku tano kwa wiki, wiki 34, ni 425,000 kwa mtu mmoja, na kwa timu nzima ya 12 ni 5,100,000. Nusu ada za wachezaji saba ni 5,250,000. Yaani kwa fedha ya kuwafurahisha saba kwenye karatasi unawalisha wote 12 mwaka mzima, kwa kadi ya kantini inayogongwa muhuri, si kwa fedha mkononi. Makocha hawapendi wazo hili kwa sababu nusu ada inavutia zaidi wakati wa usajili, na sahani ya wali haivutii. Ni kweli. Lakini sahani ya wali ndiyo inayomfanya acheze robo ya nne.

Juu ya mkopo, kocha asifungue kinywa kuahidi. Bodi ya Mikopo haina kipengele cha kikapu wala netiboli. Inaangalia uhitaji wa mwombaji na vigezo vyake yenyewe. Kumwambia mtoto "mkopo utatoka, bumu (fedha ya kujikimu) litakutosha" ni kuahidi fedha ya ofisi usiyofanyia kazi. Kinachowezekana, na hakigharimu kitu, ni kumsimamia kwenye karatasi: cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, mapema, na cha kifo cha mzazi kama ni yatima, jina lisomeke sawasawa kwenye cheti cha shule na cha kuzaliwa, mdhamini awe na kitambulisho. Herufi moja ya Mohamed na Mohammed inaweza kumla mtu wiki tatu.

Ahadi yoyote inayobaki iandikwe ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, na isainiwe na mwenye mamlaka ya fedha chuoni, si kocha. Iseme msaada ni wa mwaka mmoja unaopitiwa upya au ni wa miaka mitatu. Iseme GPA ikishuka chini ya 2.0 inakuwaje. Iseme kocha akiondoka inakuwaje, kwa sababu makocha huondoka. Na iseme akivunjika goti ndani ya jezi ya chuo, nani analipa hospitali na msaada unaendelea hadi lini. Hili la mwisho ndilo wakuu wa vyuo hukwepa, na ndilo mama atakalouliza barazani baada ya salamu. "Mwalimu, mwanangu akiumia?" Kocha akijibu "Mungu atamlinda, mama," mzazi mwenye akili ataitikia amina na kumpeleka mtoto chuo kingine.

Kwenye majaribio yenyewe nitataja machache, kwa kuwa kila kocha ana yake. Danki na urefu vinajionyesha vyenyewe. Tazama kutua. Weka benchi la sentimita 30, mchezaji aruke chini kwa miguu miwili, mara tano, nawe ukae mbele yake. Magoti yakiingia ndani kuelekeana wakati wa kutua, hasa kwa wasichana, hilo ni goti linalosubiri siku yake, na viwanja vyetu vya sementi haviisubirishi sana. Si sababu ya kumwacha. Ni sababu ya kumpangia dakika 15 hadi 20 za mazoezi ya kutua na nguvu za paja na nyonga, walau mara mbili kwa wiki, kabla hajaingia mechi ngumu. Pili, mkimbize uwanja wote mara nne, mita 28 kila upande, kisha apige mitupo huru 10 hapo hapo anapohema. Mitupo ya aliyepumzika haikuambii kitu. Tatu, hesabu sekunde tatu baada ya kupoteza mpira. Kuna anayerudi kukaba, kuna anayemtazama mwamuzi, kuna anayemtazama mwenzake aliyempa pasi mbaya. Huyo wa tatu ndiye atakayekusumbua hosteli.

Kipimo cha selimundu (sikoseli) kiwe cha lazima kabla ya mazoezi ya kwanza. Nchi yetu ina mzigo mkubwa wa ugonjwa huu, na aliyebeba kinasaba kimoja anaweza kuishi bila kujua hadi siku ya kukimbizwa bila maji kwenye joto la Februari. Marekani, NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, iliweka sharti la kupima au kuthibitisha hali hiyo kwa wanamichezo wa Daraja la Kwanza tangu mwaka 2010. Kumjua si kumfukuza. Ni kumpa maji, mapumziko na ruhusa ya kusimama bila kuitwa mvivu.

Halafu kuna mamluki. Kila mwenye kufuatilia mashindano ya vyuo anajua mchezo huu: mchezaji wa ligi ya mkoa anaandikishwa kozi fupi wiki chache kabla ya michezo, au anapewa kitambulisho cha mwanafunzi anayefanana naye kidogo. Utetezi ni kwamba wengine wote wanafanya. Timu iliyofungua mechi kwa sala huku namba 9 akiwa si mwanafunzi imesali uongo, na wachezaji wake halali wanajua, wanakaa benchi wakimtazama. Kinga ni ya kiofisi tu: orodha ya timu isainiwe na msajili, kila jina liwe na namba ya usajili, risiti ya ada na uthibitisho kwamba lipo kwenye orodha ya mitihani ya muhula uliopita au ya muhula huu. Kocha asiwe mtu pekee anayeshika orodha hiyo. Hata akiwa mzee wa kanisa.

Mpinzani mwingine wa usajili hayuko hata nchini. Wazazi wengi wa Dar wanamkumbuka Hasheem Thabeet, aliyetoka hapa, akapita shule ya sekondari ya Kikristo huko Houston, akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani. Wakisikia "chuo cha Kikristo" na "kikapu" kwenye sentensi moja, wanaiona Marekani. Madalali wanaijua ndoto hiyo na wanaiuza. Kocha wa hapa asishindane nayo kwa dhihaka. Amweleze mzazi mambo mawili. Moja, Hasheem ana zaidi ya mita 2.2, njia yake si ramani ya kijana wa mita 1.88. Pili, fomu ya I-20 inayoombewa viza ya mwanafunzi hutolewa na chuo chenyewe baada ya kumdahili mwanafunzi, kwa hiyo anayedai milioni mbili "za kuandaa I-20" kabla chuo hakijamwandikia kijana barua yoyote, akimbiwe. Kocha anayesema hivyo anaweza kumpoteza mchezaji kwa ndoto yake. Ila huyo huyo mzazi ana wadogo watatu nyumbani, na wote ni warefu.

Linabaki suala la wale 14 waliokuwa kwenye orodha na hawakuchukuliwa. Kwa kawaida huachwa wakisubiri simu. Wengine hukataa udahili wa chuo kingine kwa kuwa kocha aliwaambia watulie. Wapigiwe mmoja mmoja, kabla awamu ya pili ya udahili haijafungwa, waambiwe kwamba nafasi haipo na kwamba wathibitishe walikochaguliwa. Ni kama dakika tano kwa kila mtu, vocha ya siku moja.